Barazani Kuna Ngazi Saba

Kipili,
12 Februari 2023

Mdogo wangu Fransiska,

Tumsifu Yesu Kristo. Najua ungeanza na shikamoo kama ungekuwa mbele yangu, kwa hiyo nakuitikia mapema: marahaba. Mimi nipo. Joto ni lile lile la ziwani. Migebuka imeshuka bei wiki hii kwa sababu wavuvi wanapata. Jenifa alikuja kutoka Mpanda na watoto wake kula Krismasi, akakaa siku nyingi kuliko alivyopanga. Anakusalimu sana shangazi yake. Masikio yangu ndiyo hayo. Miaka thelathini na minane juu ya injini za boti si mchezo. Simu nikiiweka sikioni nasikia ngurumo tu, na zile herufi za kwenye kioo naziona kama sisimizi. Ndiyo maana nakusumbua kwa kalamu. Faruk, kijana wa basi la Kosta, ataiacha barua dukani kwa mama yake, Munira, kama kawaida, utaipitia siku ukienda mjini.

Jambo lenyewe ni dogo. Nataka unipimie nyumba. Mlango wa chumba cha kati, kile chenye meko, una upana gani? Vizingiti vimeinuka inchi ngapi kutoka sakafuni? Ngazi za barazani nakumbuka ni saba, lakini nataka kimo cha kila moja. Pima kwa futi, usipime kwa mkono. Utepe wangu wa chuma umo kwenye sanduku la baba, chumba changu cha juu, chini ya kitanda.

Usiwaambie watu kuwa nimeuliza.

Kaka yako,
Loth


Pito,
5 Machi 2023

Kaka Loth,

Shikamoo. Hata kama umeshaiitikia, naitoa tena, ya kwangu mwenyewe.

Huku mvua haijatuacha. Mahindi yamenyooka vizuri, ulezi tumechelewa kuupanda lakini umeota. Kwaya wamenichagua tena kuwa katibu, ingawa niliwaambia mwalimu mstaafu naye anastahili kustaafu. Wamecheka wakaniandika. Yule ng'ombe mwekundu amezaa ndama jike. Namshukuru Mungu kwa hayo yote, pamoja na magoti yangu ambayo asubuhi yanalia kama bawaba kavu.

Nimepima. Niliazima utepe kwa Nestory fundi, maana wako sikuuona kwa haraka. Mlango mkubwa una futi tatu na nusu ukifunguliwa mbao zote mbili. Mlango wa chumba cha kati futi mbili na inchi tisa. Vizingiti inchi nne, vyote. Na ngazi za barazani ni saba kweli, kila moja inchi saba, hakuna iliyozidi wala iliyopungua. Nestory alirudia kupima mara mbili, akanitazama.

"Mwalimu, huyu mzee wenu alikuwa na pimamaji?"

"Alikuwa na bakuli la maji na uzi," nikamwambia.

Ndivyo baba alivyotusimulia, si ndivyo? Kwamba babu Teodori alijifunza kuchoma matofali kwa kubebea mafundi wa kanisa la misheni, na walipomaliza kanisa akarudi hapa mwaka 1912 akajenga ya kwake, ghorofa moja juu, na watu wakatoka vijiji vya mbali kuja kuona mtu akitembea juu ya kichwa cha mwenzake. Ukuta wa chini una unene wa mkono wangu kutoka kiwiko hadi vidole, na bado ncha za vidole hazifiki nje. Julai upepo ukija hauingii. Nilikuwa nimesahau kumshangaa babu, umenikumbusha.

Sasa niambie, vipimo ni vya nini?

Mdogo wako,
Fransiska


Kipili,
20 Machi 2023

Fransiska,

Barua imenifikia kavu, Faruk aliifunga kwenye mfuko wa nailoni. Mshukuru ukimwona. Hongera kwa ndama. Mimi nipo, naenda polepole.

Vipimo ni vizuri kuliko nilivyotegemea. Naomba vingine. Matao ya barazani ni matano, na la tano, la upande wa jikoni, ni jembamba. Jembamba kiasi gani? Kutoka mlango wa nyuma mpaka choo ni hatua ngapi, na njia ni tambarare au ina mawe? Meko bado yanavuta moshi vizuri? Na chumba changu cha juu, kinavuja?

Sababu utaijua kwa wakati wake. Usinikasirikie.

Loth


Pito,
16 Aprili 2023

Kaka Loth,

Shikamoo. Pasaka imepita salama. Tuliimba vizuri, isipokuwa sauti ya tatu walikimbia mbele ya kinanda. Munira alinitumia sahani ya biriani na chapati kutoka futari yao, akaniambia ni ya kwako pia ila nile kwa niaba yako. Nimekula.

Tao la tano lina futi tatu. Njia ya choo ni hatua ishirini na mbili, tambarare. Meko yanavuta.

Sasa nisikilize kwa makini, maana hili naliandika mara moja tu. Jumatatu ya Pasaka alikuja yule bwana wa mjini anayetafuta mahali pa kujenga nyumba ya wageni. Alikwisha kuja mara mbili mwaka jana nikamrudisha. Safari hii alisimama uani, mikono nyuma.

"Mwalimu, jengo hili limechoka," akasema. "Hata nikiyachukua matofali tu, ni msaada kwako."

"Halijachoka. Wewe ndiye uliyepanda hiki kilima ukihema."

Akacheka. "Nasikia mwenyewe hasa ni mzee mmoja yuko Kipili."

"Nani kakwambia habari za Kipili?"

Akazunguka nyumba yote, akatazama matao, akaondoka.

Kaka, baba alikuachia wewe nyumba hii kwa sababu wewe ndiye mkubwa. Sikatai, sijawahi kukataa. Lakini mtu anayeuliza upana wa milango, idadi ya ngazi, hatua za choo, na kusema usiwaambie watu, mtu huyo anauza. Ningependa kuambiwa na wewe kuliko kuambiwa na mgeni uani kwangu. Mimi nimeishi humu miaka ishirini na sita tangu nilipofiwa na mume wangu. Nimemuuguza baba katika chumba hicho cha kati unachotaka upana wa mlango wake.

Kama unauza, andika neno moja. Nitaelewa.

Fransiska


Pito,
2 Julai 2023

Kaka Loth,

Shikamoo.

Aprili imepita, Mei imepita, Juni imepita. Nilikutumia barua nyingine Mei mwishoni, sijui kama uliipata. Mahindi tumevuna, mengi, ghala halifungiki. Ulezi umekaa vizuri. Baridi imeshuka mpaka asubuhi nyasi zinakuwa nyeupe, na kila mtu hapa anavuta pua.

Nilimuuliza Faruk habari zako. Akaniambia, "Shangazi, nyumba ya mzee imefungwa kufuli. Jirani anasema alichukuliwa na binti yake." Nilipompigia Jenifa akasema, "Baba yupo, yupo tu, atakuandikia." Nikamuuliza yupo wapi, simu ikakatika. Nilipopiga tena haikupokelewa. Mimi nimefundisha watoto miaka thelathini na tatu, najua mtoto anayeficha jambo aliloagizwa kulificha.

Nafuta ukali wa barua ya Pasaka. Yaliyomo siyafuti, ukali tu. Nyumba uza ukitaka. Ila niandikie kwa mkono wako mwenyewe, hata mstari mmoja, niuone mwandiko.

Fransiska


Mpanda,
23 Julai 2023

Mdogo wangu Fransiska,

Marahaba. Ona mwandiko, ni wangu.

Sikuuza na sikuwaza kuuza. Huyo bwana wa nyumba ya wageni simjui, na Kipili kila mtu anajulikana kwa mwenzake, haihitaji mimi kusema.

Nimekatwa mguu. Wa kushoto, chini ya goti.

Ilianza na kidole Novemba. Kiatu kilinichubua, nikapaka mafuta ya taa nikaendelea na kazi. Kumbe sukari ilikuwa imepanda mwilini siku nyingi bila mimi kujua. Kidonda kikakataa kupona. Jenifa alipokuja Krismasi akakinusa kabla hajakiona. Ndiyo maana alikaa. Nilipokuandikia Februari nilikuwa tayari natembea na magongo, na daktari alikuwa ameniambia nijiandae. Basi nikaanza kujiandaa kwa njia ninayoijua, nikaulizia vipimo.

Mei wakanilaza. Daktari alikuwa kijana mpole. Aliona sisikii, akachukua karatasi akaandika: MZEE, TUNATAKA KUOKOA GOTI. Nikamwambia kwa mdomo, "Okoa. Goti ni bawaba. Ubao bila bawaba si mlango." Nadhani nilipiga kelele, maana wodi nzima waligeuka. Barua zako zote mbili, jirani aliponitumia, nilizisoma kitandani pale. Kalamu nilikuwa nayo. Nilishindwa tu kuanza.

Utaniuliza kwa nini nilificha. Unakumbuka kila Oktoba, kabla ya mvua, nilikuwa napanda kurudisha vigae vilivyohamishwa na upepo, na wewe unashika ngazi ya mti chini, unaniimbia ili usiogope? Nilipenda unione kule juu. Ndiyo hivyo tu, sina maelezo mengine.

Sasa kidonda kimepona. Nina kiti cha magurudumu, upana wake futi mbili na inchi mbili. Mlango wa babu umeniachia inchi saba za ziada. Nilipoona hesabu hiyo Machi nilifurahi kama mtoto. Jenifa anataka nibaki kwake Mpanda. Nyumba yake ni nzuri, ina marumaru na feni. Lakini nakaa sebuleni mchana kutwa nikitazama televisheni nisiyoisikia, na wajukuu wakirudi shuleni wananizunguka kama kabati.

Nataka kurudi Pito, chumba cha kati, karibu na meko. Cha juu sitaweza tena, ngazi zile ni kali. Siombi kama mwenye nyumba. Wewe ndiye unayeishi humo, sema kama kuna nafasi.

Kaka yako,
Loth


Pito,
30 Julai 2023

Kaka yangu,

Shikamoo, na tena shikamoo.

Nilisoma barua yako nikiwa dukani kwa Munira, nimesimama. Munira akaleta stuli bila kuniuliza. Nililia, na sasa nimemaliza, kwa hiyo naweza kukugombeza. Mafuta ya taa! Mtu aliyefungua na kufunga injini nusu ya maisha yake, akiona chuma kinalika anatafuta sababu, halafu mwili wake mwenyewe anaupaka mafuta ya taa. Ningekuwa karibu ningekuchapa. Na Jenifa nitamchapa wewe ukiwepo.

Nafasi ipo. Hilo usiliulize tena.

Sasa na mimi nina la kwangu, na bora nilitoe leo, wakati sote wawili tumeshaaibika.

Chumba chako cha juu hakipo.

Januari 2021 upepo ulikuja na mvua siku tatu. Vigae vya upande wa magharibi vilikuwa vimehama muda mrefu, hakuna wa kuvirudisha, na maji yalikuwa yanaingia kwenye boriti kimyakimya. Siku ya tatu, saa nne asubuhi, nilikuwa jikoni nachambua maharage. Nikasikia kama mtu anaburuta meza juu. Nikaita, "Nani huko?" Halafu ukuta wa juu ukaenda nje wote, na sakafu ya mbao ikashuka kwenye sebule. Vumbi lilipotulia niliona mawingu kutoka mahali nilipozoea kuona dari. Hakuna aliyeumia, hata kuku.

Nestory alikuja siku hiyo hiyo. Alipanda akapapasa boriti zilizobaki, akashuka mikono imejaa unga wa mchwa.

"Mwalimu, nikikwambia itabaki nitakuwa nimekuua," akasema. "Chini ni mwamba. Juu tunashusha."

Tukashusha. Wiki mbili, tofali moja moja, akaweka kenchi na bati juu ya kuta za chini. Ghorofa ya Teodori sasa ni nyumba ya chini kama za majirani. Na mimi nimekuandikia Krismasi mbili mfululizo kwamba chumba chako nimekifagia nikatandika shuka safi. Niliandika hivyo bila kutetemeka. Sanduku la baba nililitoa kwenye kifusi, liko kwangu, na utepe umo, ila umeshikwa na kutu hautoki.

Nilikuwa nimekabidhiwa nyumba nikaiacha ianguke. Hilo ndilo lililonizuia. Na uliponiuliza kama kinavuja nilifunga barua yako nikaenda kulisha ng'ombe.

Matofali yote yapo, nimeyapanga nyuma ya jiko na kuyafunika kwa nyasi. Nestory aliomba machache akajengee choo chake, nikamnyima. Vigae vizima mia tatu na kumi navyo vipo. Sijui nilikuwa nangoja nini.

Mdogo wako,
Fransiska


Mpanda,
13 Agosti 2023

Fransiska,

Marahaba.

Barua yako niliisoma mara tatu. Siku ya kwanza sikula. Sikukukasirikia wewe. Nilikuwa nakitafuta kichwani kile chumba: dirisha la mashariki, mlango mfupi uliotufanya tuiname, harufu ya mahindi yaliyokuwa yakikauka darini. Siku ya pili nikaanza kucheka, Jenifa akaja mbio akidhani nimezidiwa. Nikamwandikia kwenye daftari: nyumba imekatwa juu, mimi nimekatwa chini, kila mmoja alikuwa anamficha mwenzake. Akakaa kando yangu tukacheka wote.

Nyumba haikuanguka kwa sababu yako. Mimi ndiye niliyekuwa nikipanda kila Oktoba, na nilikuja mara ya mwisho 2014. Hesabu hiyo naijua. Tusiirudie.

Tufanye kazi. Fundi wa hospitali alinionyesha kanuni: kwa kila inchi moja ya kupanda, futi moja ya kwenda, ndipo mikono ya mzee iweze. Ngazi saba za inchi saba ni inchi arobaini na tisa. Kwa hiyo nahitaji njia ya mteremko ya futi arobaini na tisa. Mbele ya nyumba hakuna nafasi, tutafika barabarani. Nimechora nyuma ya karatasi hii. Ianzie kona ya kaskazini, ifuate ukuta futi ishirini na nne, pale iwe na mahali tambarare pa kupumzika, igeuke, irudi mpaka barazani na kuingilia tao la tano. Tao lina futi tatu, nitapita. Vizingiti Nestory asivikate, aweke mbao za kupandia pande zote mbili.

Matofali yako unayo. Mwonyeshe Nestory mchoro.

Loth


Pito,
10 Septemba 2023

Kaka Loth,

Shikamoo. Mashamba yamekauka, upepo wa Septemba unapeperusha kila kitu, na mimi nina vumbi la matofali mpaka kwenye Biblia. Ndama anakula nguo kwenye kamba.

Nestory alipoona mchoro wako alivua kofia.

"Huyu mzee amekuwa fundi wa nyumba lini?"

"Hajawa. Amekuwa mtu wa kiti," nikamjibu.

Tulibishana siku moja nzima. Alitaka bloku za saruji, eti zinakwenda haraka. Nikamwambia matofali ya babu yamekaa miaka mia na kumi yakingoja kazi nyingine, na kama anataka saruji akajenge kwake. Akakubali, kwa sharti kwamba katikati ajaze mawe na kifusi, na juu apange tofali kwa ubavu ili maji yasisimame wala gurudumu lisiteleze. Kwenye tofali nyingi tumekuta alama za vidole. Babu au wenzake waliyabeba udongo ukiwa bado mbichi. Nestory alinionyesha moja lenye dole gumba na vidole viwili, akaweka vyake juu yake. Vikakaa. Akalipaka chokaa akalilaza, alama ikiwa juu.

Jana tumemaliza. Kuijaribu njia, Nestory alipakia gunia la mahindi kwenye toroli akalisukuma kutoka chini mpaka tao la tano bila kusimama. Kisha akaniambia nipande mimi. Mwalimu mzima, katibu wa kwaya, kwenye toroli! Nilipanda. Majirani walitoka majumbani. Kwenye kona niliona ukuta wa babu ukipita karibu na pua yangu polepole, nikaona jinsi mistari ya chokaa ilivyonyooka, kitu ambacho sijawahi kukitazama kwa ukaribu huo maisha yangu yote.

Kuna habari nyingine. Tangu leo asubuhi hakuna mtu anayetumia ngazi. Wenye ndoo za maji wanapita kwenye mteremko, mama wa jirani mwenye mimba anapita kwenye mteremko, hata kuku.

Faruk anasema atakufuata mwenyewe Mpanda, atang'oa kiti kimoja cha nyuma kwenye Kosta ili utoshe. Kuni nimeshazipanga mekoni.

Fransiska


Kipili,
5 Novemba 2023

Kaka Loth,

Shikamoo. Natumaini jirani anakuletea maziwa kama tulivyopatana, na kwamba huli ugali kwa chumvi kwa uvivu wa kupika mboga.

Mimi ndiye ninayeandika kutoka Kipili sasa! Nilisema ningekaa siku nne kufungasha vitu vyako na kukabidhi nyumba kwa mwenyewe. Leo ni siku ya tisa. Nyumba nilikwisha kukabidhi Jumatano. Vyombo, spana zako zote na lile redio bovu viko kwenye makasha mawili, Faruk atavileta. Mimi nimehamia kwa jirani yako, mama muuza dagaa, ambaye hataki niondoke.

Kaka, mbona hukuniambia? Miaka yote hiyo uliniandikia joto, samaki, injini. Hukuniambia kwamba asubuhi maji yanalala kama kitambaa kilichopigwa pasi. Hukuniambia kuwa mtu akikaa ufukweni magoti yanaacha kulia. Mimi nina miaka sitini na saba na ziwa nilikuwa nalionyesha watoto kwenye ramani tu. Jana nilivua viatu nikaingia mpaka hapa, kwenye vigimbi vya miguu, na kanga yangu ikalowa, na watoto wakanicheka, nikawacheka.

Mafundi wa boti wamekuja kunisalimia mmoja mmoja. Mmoja akaniambia, "Mzee Loth alikuwa anaweka mkono juu ya injini, hasikii, lakini anajua inaumwa wapi." Nikajivuna mbele yao kama mimi ndiye niliyekufundisha.

Nitarudi wiki ijayo. Au inayofuata.

Mdogo wako,
Fransiska


Pito,
19 Novemba 2023

Mdogo wangu Fransiska,

Marahaba. Kaa. Usiulize ruhusa, hujawahi kupumzika tangu uanze kufundisha. Mboga napika. Juzi nilipika maharage na karanga, jirani akaonja akaomba tena. Magoti yako yakinyamaza, yaache yanyamaze.

Mvua ya kwanza imeshuka Jumanne. Maji yalipita juu ya matofali yakaenda zake, hayakusimama mahali popote. Niliketi kwenye tao la tano nikitazama mpaka ikakatika. Meko nayawasha jioni tu. Ndama amekula kofia yangu.

Ijumaa walikuja vijana wawili kutoka chuo, wanafunzi wa majengo, wana kamera na karatasi. Wameambiwa na mtu kwamba Pito kuna nyumba ya ghorofa ya mwaka 1912. Walizunguka wakahesabu matao, wakapima unene wa ukuta wakapigiana makofi. Mmoja akaniandikia kwenye daftari langu: Babu, ghorofa iko wapi? Nikawaambia mmeikanyaga mlipokuwa mnaingia. Wakarudi mpaka chini, wakapanda tena, safari hii wameinama wakitazama matofali. Wakaona lile lenye vidole. Walikaa pale muda mrefu kuliko mahali pengine popote. Waliniuliza nani aliyechora njia hii, nikasema mimi, na nani aliyeamua matofali yawe haya, nikawapa jina lako kamili na kazi yako. Wameliandika.

Nestory amekuja kuuliza kama vile vigae mia tatu na kumi tunaweza kuvirudisha juu ya baraza peke yake, kelele za bati zipungue mvua ikinyesha. Mimi silisikii bati, nikamwambia akungoje wewe mwenye masikio.

Jambo moja sikulisema tangu nifike, na kwa mdomo sitaweza. Siku ile Faruk aliponishusha, nilikataa kusukumwa. Nilitaka kupanda kwa mikono yangu. Pale kwenye kona nilisimama muda mrefu, watu wakadhani nimechoka. Sikuchoka. Nilikuwa nalia, na sikutaka mtu aone. Wewe ulikuwa juu barazani, mlango wazi nyuma yako, na ghafla ukaanza kutafuta ufunguo. Ukapekua mfuko wa kanga, ukapekua kikapu, ukainama chini ya benchi, ukatugeuzia mgongo sisi sote mpaka nilipomaliza.

Nilikuona. Asante.

Kaka yako,
Loth